Sakafu ya Injinia Method

Method hakuwahi kujenga hata banda la bata. Lakini alipomsikia Machibya, mnunuzi wa pamba, akitamba sokoni Bariadi kwamba atainua ghorofa kabla ya jirani yake, alinunua kofia ya plastiki akawa injinia papo hapo.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kwa Kisukuma kesho yake. "Zege limepitwa na wakati. Ulaya wanajenga ghorofa kwa mbao za tabaka. Tabaka moja linalala hivi, la juu yake linalikatiza, katikati gundi, kisha mashine inashindilia. Zinabeba mzigo kama zege, na ni nyepesi."

Yote yalikuwa kweli, jambo la nadra kinywani mwake. Uongo ulikuwa kwenye mbao zenyewe: mabanzi ya mkaratusi yaliyogandishwa kwa gundi ya karatasi, yote yakielekea upande mmoja.

Alilaza ubao juu ya mawe mawili yaliyokaribiana, akapitisha pikipiki. Machibya akapiga makofi. Generoza, seremala aliyeitwa kupima ngazi, akainama kukagua ukingo.

"Hapa hakuna tabaka linalokatiza," alisema. "Tenganisha mawe kwa upana wa chumba, halafu injinia asimame katikati."

"Mama, hii ni sayansi."

"Basi simama juu ya sayansi yako."

"Niachieni biashara yangu!" Machibya alifoka. "Injinia, taslimu sina. Swaga wale ng'ombe kumi na wawili, leo hii."

Ng'ombe walizidi bei ya mbao mara mbili. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Method alikata fimbo.

Mnadani, kabla hajataja bei, mzee mmoja wa Nkololo aliliita dume jeupe kwa jina. Dume likageuka. Polisi nao wakageuka. Walikuwa ng'ombe wa wizi. Machibya alikuwa amewanunua kwa bei ya kutupa, na mwezi mzima alikuwa akitafuta mjinga wa kumwondolea mzigo huo.

"Simjui mtu huyu," Machibya aliwaambia polisi walipofika kwake na Method.

"Unamjua," alisema Generoza, akiendelea kupiga randa. "Ng'ombe ulimpa mbele yangu."

Machibya na Method wakapakiwa wote wawili nyuma ya gari la polisi, goti kwa goti. Machibya akanong'ona, "Unamfahamu wakili yeyote?"

"Yupo mmoja, mkali sana," Method akajibu kwa upole. "Ila anataka malipo ya awali, na yanapitia kwangu."

Machibya akaanza kupapasa mifuko.