Mot de Passe Dhidi ya Shemeji Désiré

Jumatatu, 7 Oktoba
Furaha! Mama Hortense, kiongozi wa kwaya yetu ya Hewa Bora, amenipa kazi ya kuchapa kitabu cha nyimbo za Jumapili. Mimi, Symphorien! Jina langu juu ya jalada, peke yake. Kikwazo ni shemeji Désiré, ndugu ya mke wangu, anayekaa kwetu. Eti nusu ya nyimbo alitunga yeye. Kweli alitunga. Lakini ordinateur, kompyuta ya kuchapia, ni yangu! Imezeeka, ila ni yangu. Nimeiwekea mot de passe, neno la siri la kuwashia. Bila hiyo haifunguki. Alie!

Jumanne, 8 Oktoba
Umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi, nani kakaa mbele ya mashine? Désiré! Jalada lina jina lake! Nikamuuliza ameingiaje. Eti mashine haikumuuliza kitu. Mwongo mkubwa! Nimebadilisha mot de passe. Sasa ni jina la mama mkwe. Nani atadhani nampenda hivyo?

Jumatano, 9 Oktoba
Umeme umekatika, Désiré kaingia tena. Na saa ya mashine inasema tuko mwaka 2002! Mke wangu Cathy akacheka mpaka akakaa chini. Pile, betri ndogo ya ndani, imekufa, akasema. Umeme ukienda mashine inasahau yote, hata mot de passe. Nimekimbia mjini kununua pile mpya. Mot de passe mpya pia, ndefu, hata mchawi haipati. Palepale kwenye mashine, pa kuwekea mot de passe, nikaona pa kupandishia kasi ya processeur, ubongo wake. Nimepandisha mpaka mwisho. Nitamaliza kabla Désiré hajanusa!

Alhamisi, 10 Oktoba
Inakimbia! Kisha, pu! Imezima. Joto la Oktoba, na yenyewe inawaka. Nimeipepea kwa kifuniko cha sufuria. Cathy akadai kifuniko chake, eti bukari, ugali wetu, unapoa. Nimewasha tena. Inaomba mot de passe. Ile ndefu. Ilikuwa... Mama yangu!

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimejaribu ukoo mzima na watakatifu wote. Wapi! Mama Hortense amepita: kitabu kisipofika kesho, narudi kupanga viti. Nimeogopa kweli. Nikamwendea Désiré, shingo upande. Hakunicheka. Alifungua sanduku la mashine, akatoa pile, akangoja, akairudisha. Mot de passe imefutika, kasi imeshuka, mashine inajikokota lakini haizimi. Tumechapa pamoja mpaka jioni. Aliomba kitu kimoja tu: majina mawili. Nikaapa.

Jumapili, 13 Oktoba
Bantu, watu wote kanisani, wameimba mpaka bati likatetemeka! Mama Hortense ametukabidhi kazi ya kitabu cha Noël, nyimbo za Krismasi, sisi wawili. Wawili? Jalada la Noël ni langu! Mot de passe nimeirudisha. Kasi nimeipandisha, kidogo tu, mpaka mwisho. Na safari hii hakuna wa kutoa pile: sanduku nimelifunga kwa kofuli kubwa. Ufunguo ni mmoja. Mimi napoteza vitu, basi nimempa Désiré anitunzie.