Gitaa la Babu Elisha Latafuta Mnunuzi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Gitaa limekamilika! Miezi mitatu ya gundi, msasa na vanishi. Babu Elisha alilipiga katika bendi ya dansi mjini Dodoma enzi za ujana wake, kisha likakaa darini. Ni gitaa la umeme, lakini ndani ni tupu kama kibuyu, kwa hiyo panya walijenga humo. Babu alisema nikilifufua ni langu. Nimelifufua. Linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Lengo: kuliuza kabla ya Jumatatu ijayo. Mwalimu wa Historia anataka elfu arobaini na tano kwa safari ya Kolo, kuona michoro ya mapangoni. Nimeitamani michoro hiyo tangu darasa la tano. Mama kasema alizeti ya mwaka huu ni hafifu, nisimtazame kwa macho hayo.

Binamu yangu Dorkasi, kiongozi wa kwaya, amelizunguka gitaa na kusema ni zeze lililoshiba. Eti hapa Mlali hakuna atakayelitolea hata jogoo. Tutaona!

Jumatano, 16 Julai

Tangazo nililoweka kwa simu ya Mama limejibiwa! Amepiga Mwalimu Jordan, anafundisha shule ya msingi huko Chamwino. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa furaha. Anatoa laki tatu. Laki tatu! Ningekwenda Kolo mara sita.

Lakini nilimkumbuka Dorkasi. Nikataka bei ya kumfunga mdomo. Nikamwambia Mwalimu kwamba daktari mmoja wa Kongwa ametaja laki tano. Mbinu hii nimeiona kwa wauza mbuzi: mtaje mteja mwingine, huyu wa kwanza atapanda.

Mwalimu Jordan hakupanda. Alisema kwa upole, "Mwanangu, laki tano ni fedha nyingi. Mpe daktari, usimcheleweshe." Akakata simu.

Daktari hayupo. Nilimtunga mimi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempigia Mwalimu Jordan. Nikamweleza kuwa daktari amehamishwa ghafla. Akauliza, kahamishiwa wapi? Nikasema Kigoma. Akafurahi, kumbe ana shemeji yake hospitalini huko, akataka jina la daktari. Nikasema mtandao unasumbua.

Atakuja Jumamosi. Mungu ni mwema, hata kwa waongo.

Jumamosi, 19 Julai

Mwalimu Jordan alifika kwa bodaboda, kavaa kofia nzuri ya kahawia. Tulikutana kwa fundi redio, Khalidi, aliyerekebisha nyaya za gitaa. Yeye ana spika kubwa. Fundi akachomeka waya. Mwalimu akapiga nyuzi mbili, akatabasamu. Nilijiona nimeshafika Kolo.

Ndipo gitaa likakohoa, likaanza kutangaza vifo.

Lilikuwa limenasa redio! Tena bila mikwaruzo. Marehemu ameacha watoto tisa na wajukuu ishirini na watatu. Mwalimu Jordan akavua kofia. Tukasimama kimya hadi mwisho wa tangazo, maana ungefanyaje?

Fundi Khalidi akasema wallahi ni nyaya za zamani hizo, ila mteja aangalie upande wa heri: vitu viwili kwa bei ya kimoja. Nikaona hoja. Nikasema kwa hiyo sasa ni laki tatu na nusu.

Mwalimu akavaa kofia. Akasema, "Redio ninayo, mwanangu." Akaondoka.

Baadaye fundi alizungushia nyaya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Redio ikanyamaza. Wakati huo bodaboda ilikuwa imeshapita Kongwa.

Jumapili, 20 Julai

Sikukuu ya mavuno. Niliamka na wazo! Wenye fedha wote wa Mlali watakuwa kanisani, na pochi wameshazifungua. Sitauza ibadani, hapana, nimelelewa vizuri. Nitalisimamisha tu hatua mbili kutoka meza ya mavuno, pembeni ya maboga, walione. Wakitoka wataniuliza bei.

Mnada wa sadaka ukaanza. Mzee Zablon, mnadishaji wetu, aliuza maboga, mayai, debe la karanga, na jogoo aliyemdonoa. Kisha akageuka. Akaliona gitaa. Akaliinua juu ya kichwa chake.

"Nani kamletea Bwana chombo hiki?"

"Loisi, Mzee!" Dorkasi alipaza sauti. "Kalitengeneza kwa mikono yake!" Hajawahi kunisifu tangu tuzaliwe. Kachagua leo.

Vigelegele. Kitu kikiinuliwa na mnadishaji ni sadaka, hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua. Nilinyoosha mkono kupinga.

"Elfu hamsini kwa Loisi mwenyewe!" alipaza Mzee Zablon. "Katoa, na sasa ananunua! Wazee, mtashindwa na mtoto?"

Wazee hawakukubali kushindwa. Lilifika laki nne. Akalichukua mama mwenye mashine ya kusaga, akalirudisha liuzwe tena, kama ilivyo kawaida yetu. Likapata laki mbili nyingine. Laki sita, zote za bati la kanisa! Mnunuzi wa mwisho akaikabidhi kwaya. Yaani Dorkasi.

Mchungaji akaniita mbele niseme neno. Nilikuwa nalia. Wakadhani ni furaha. Mama naye akalia.

Jumatatu, 21 Julai

Jina langu halimo kwenye orodha ya Kolo. Nilimweleza Mwalimu wa Historia kila kitu. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Akasema kiti kimoja bado kipo, ananipa mpaka Jumatatu ijayo. Na nina kuku watatu. Niwauze sokoni kwa bei ya kawaida, bila mbinu. Ushauri mzuri sana. Nimeuandika hapa nisiusahau.

Jioni Babu Elisha aliniita, macho yamelowa. Akasema mtoaji hupewa. Akanipa spika yake ya bendi! Ni kubwa kama kabati, na haijatoa sauti tangu babu aoe.

Nimefikiri. Gitaa limepata laki sita kwa saa moja, kwa hiyo wateja wapo. Kosa lilikuwa umbali. Hatua mbili ni karibu mno na maboga. Jumapili ijayo ni mavuno ya kanisa la kijiji jirani. Kuku wasubiri.

Spika nitaiweka hatua sita. Mikono yangu nitaikalia.