Moto Usiotoa Machozi

Jumatatu, 3 Juni

Mtambo wa gesi ya kinyesi bado. Shimo nimechimba, kuba limejengwa, kinyesi kimejaa, bomba limefika mpaka jikoni, na jiko la gesi limekaa mezani linang'aa kama bibi harusi aliyekimbiwa. Nikifungua koki napata harufu tu, na hata hiyo sina hakika kama si yangu mwenyewe.

Mke wangu yuko mjini kwa dada yake tangu mvua za mwanzo. Alisema moshi wa kuni umemmaliza macho; siku nitakapowasha moto usiotoa machozi, nimpigie.

Leo nimempigia. Nimemwambia unawaka. Nilitaka kusema bado kidogo, mdomo ukanitangulia. Akasema Jumamosi atakuja aone. Kwa furaha nikakaa kwenye ndoo ya kukamulia. Ilikuwa na maziwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwita fundi aliyejenga mtambo. Nikamwomba auharakishe. Akaniuliza kama mke wangu naye alizaliwa kwa kuharakishwa. Anasema mle ndani kuna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyokula kinyesi na kutoa gesi. Kwa hiyo nina mifugo ya aina mbili, ya bandani na ya mtamboni, na yote inataka kulishwa. Kinyesi cha ng'ombe wangu watatu ni kidogo, nivumilie tu. Na kisiingie humo kitu kingine ila kinyesi na maji: si sabuni, si dawa, si ujanja wangu. Hilo la mwisho aliliongeza bila kuulizwa.

Jirani yangu tunamwita Daktari kwa sababu anakamua akiwa na koti jeupe. Ng'ombe wengi. Kinyesi tele. Mtambo wake unawaka tangu mwaka juzi, na hakuna mtu hapa ambaye hajaambiwa. Nimeanza kuwaza.

Jumatano, 5 Juni

Nimeingia kwa Daktari asubuhi mapema na toroli. Nimejaza nusu, nikasikia mtu anakohoa kwa adabu.

"Jirani, unaniibia mavi?"

Nikasema hapana, namsaidia kusafisha. Akashukuru sana, akanipa koleo, akanionyesha na banda la pili. Nimesafisha yote mawili mpaka mgongo ukagoma kunyooka, naye kasimama pembeni na koti lake akinielekeza kwenye pembe nilizoruka. Kinyesi chote akanipa. Angenipa tu kama ningeomba, alisema.

Mkewe akanikaribisha chai ya gesi. Wakawa wanagombana kuhusu sukari: mke anasema bwana kaijaza, bwana anasema mke hana ulimi. Nilikunywa polepole ili wasimalize. Kwangu siku hizi sukari naweka ninavyotaka na hakuna anayelalamika.

Alhamisi, 6 Juni

UMEWAKA! Mwali wa buluu, mwembamba, unatetemeka, lakini ni wangu. Nimemwita ng'ombe wangu mkubwa aje aone. Jina lake Shangazi, kwa jinsi anavyonitazama. Akachungulia dirishani, akaondoka. Hajawahi kunikubali.

Nimechemsha chai ya vikombe viwili. Cha pili nikakiweka upande wa mke wangu, karibu na ukuta, anapopenda kuegemea. Nikamsimulia kuhusu toroli. Kilipopoa nikakinywa mimi, kwa niaba yake.

Ijumaa, 7 Juni

Moto nimeuacha uwake mchana kutwa, niutazame kila nikipita. Gesi ikaisha jioni. Si kitu, kesho itakuwa imejaa tena.

Nimekumbuka hapendi harufu ya banda. Zamani nikiingia ndani alikuwa ananivua buti, kisha ananifukuza pamoja nazo. Basi nimenunua dawa ya kuua vijidudu, nikamwaga dumu zima, nikasugua sakafu mpaka Shangazi akateleza akanitazama vile. Maji nikayasukumia mferejini. Banda linanukia kama wodi. Hata Daktari atakoma.

Jumamosi, 8 Juni

Koki: kimya. Nimegonga bomba, nimelibembeleza. Kimya.

Fundi alikuja, akanusa mdomo wa mtambo, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Akaniuliza mfereji wa bandani unaishia wapi. Unaishia mtamboni. Niliuchimba mwenyewe na nikajisifu. Akasema pole, nimeua mifugo yangu yote ya ndani. Nianze upya, ningoje majuma.

Majuma! Na mke wangu yuko njiani. Nikakimbilia kwa mwenye duka, nikaazima mtungi wa gesi, nikauficha nyuma ya ukuta wa jikoni chini ya magunia na kupitisha mpira wa gesi dirishani mpaka kwenye jiko.

Alifika na kitambaa chake cha njano. Nikawasha. Moto ukafoka kama umetukanwa. Akasogea, akaunyooshea mikono kama anamwamkia mtu, akacheka. Akabandika chai mwenyewe, akaniambia nilivyokonda, akanipokonya sukari. Nikasahau kabisa kama nadanganya.

Ndipo mwenye duka akapiga hodi. Mteja kapatikana, anauomba mtungi wake. Akauchomoa mwenyewe, akatuaga vizuri. Chai ilikuwa haijachemka.

Nilingoja matusi. Hakutukana. Alikaa upande wake, akaegemea ukuta.

"Mimi sikuondoka kwa ajili ya moshi," akasema. "Nilisema moshi kwa sababu moshi ukiusingizia haununi."

Nikauliza, sasa ni nini?

"Ungeniambia haujawaka, ningekuja vilevile. Tungeungoja wote."

Akarudi mjini na gari la jioni. Pale getini akasema nimpigie nikiwa na la kweli, hata likiwa dogo. Kitambaa kilionekana mpaka kwenye kona. Kikombe chake sijakiosha.

Jumapili, 16 Juni

Kinyesi kipya kimeingia. Fundi anasema bado sana.

Leo nikaamua kumwambia kweli. Neno moja tu: haujawaka. Nimejizoeza mbele ya Shangazi mpaka akaacha kutafuna.

Akapokea. Ile sauti. Akaniuliza mtambo vipi.

Nikasema unawaka, buluu kabisa.

Akaniomba niisogeze simu jikoni, ausikie unavyovuma.

Nikaisogeza. Nikabana meno, nikapuliza. Sssss. Akasikiliza. Hakukata. Nikavuta pumzi puani, nikaendelea, jiko baridi mbele yangu. Akaendelea kusikiliza, na mimi sikutaka kuacha, maana nikiacha angeaga. Nilipuliza mpaka nikaona nyota.

"Haya, ufunge sasa," akasema taratibu. "Usije ukaishiwa pumzi."

Ameamini! Kesho naazima pampu ya baiskeli kwa Daktari. Ile inavuma muda mrefu zaidi.