Kichwa cha Sita Kwenye Safari ya Norwe

Nakwambia mapema: ukimaliza kusoma hii utasema nimevuta kitu. Sijavuta. Mjini kwetu Jihlava, Ucheki, hata kinyozi anaijua, tena anaisimulia vizuri kuliko mimi. Kaa sawasawa.

Kuna jamaa anaitwa Olda Zbořil. Meno meupe, suti ya kijivu, mdomo unaoweza kumuuzia samaki mwavuli. Zamani alikuwa anapakia wastaafu kwenye basi, eti anawapeleka kuona kasri la wafalme. Katikati ya njia mlango unafungwa, wanauziwa sufuria. Kasri hawalioni. Sufuria wanarudi nazo mbilimbili. Baadaye biashara hiyo ikabanwa, Olda akabaki na kibasi kitupu na hamu ya kumwibia mtu.

Ijumaa moja akaingia baa ya Beberu Mweusi. Meza ya kona wamekaa watu watano wa chama cha wavuvi. Sasa elewa: Ucheki hatuna bahari hata ya kunawia miguu. Lakini kila kiangazi hawa watu wanasafiri mpaka Norwe kuvua chewa wa maji ya baridi, na wakirudi wanaongea hayo hayo mpaka Krismasi.

Mezani, mwenyekiti wao Mzee Vlastimil Kučírek alikuwa anafuta mashine yake ya kukunjia mshipi kwa kitambaa laini, taratibu, kama anamfuta mtoto baada ya kuoga. Olda akaitazama ile mashine. Akatazama nyingine nne mezani. Zinameta! Moja tu ni bei ya pikipiki. Moyo wake ukaimba.

"Safari imekufa," Mzee Vlastimil akalalamika. "Bohouš kavunjika mguu, tumebaki watano, na gari lilikuwa la Bohouš."

"Samahani wazee wangu," Olda akavuta kiti bila kukaribishwa, "nimesikia Norwe au masikio yangu yamelewa kabla yangu? Shangazi wa mke wangu ana kambi ya wavuvi kule! Nyumba nyekundu, mashua mpya, samaki wanagonga mlango asubuhi."

Mke hana. Shangazi wa mke, ndio usiseme.

"Na kibasi ninacho," akaongeza.

Wanne wakageuka kumwangalia wa tano wao, Bi Květa Hrdličková. Huyu ni mjane, katibu wa chama, na mtu pekee Jihlava anayeweza kumtoa samaki mifupa huku anakugombeza.

"Wewe umeshaenda huko kuvua, mwanangu?" Bi Květa akauliza.

"Mara saba, mama!"

"Mlikuwa mnakula nini?"

"Aa, tulikuwa tunatoka! Kila jioni mgahawani. Meza ya dirishani kabisa."

Mzee mmoja akasahau kumeza bia.

Hapo ndipo Olda alipojiumbua, na wala hakujua. Mvuvi wa Kicheki haendi Norwe kula mgahawani. Anaenda na viazi vyake, mikate yake, bia yake, makopo ya nyama, na mlima wa vipande vya nguruwe vilivyokaangwa na chenga za mkate. Mgahawa wa Norwe anaupita kwa miguu, anasoma bei mlangoni, anacheka, anawaita wenzake nao waje wacheke. Kwa hiyo Bi Květa alijua palepale kwamba huyu ni tapeli, hajawahi hata kuinusa Norwe.

Ajabu ni kwamba hakumfichua. Akatabasamu. "Mpeni kijana bia," akasema.

Olda akamwaga mpango wake. Mizigo yote itangulie na yeye kwa barabara, wazee waje na ndege, wafike wamepumzika. Fimbo za kuvulia, mashine, kila kitu wampe yeye. "Nitavilinda kama macho yangu."

"Utavilinda," Bi Květa akaitikia. "Tunaona."

Olda alikuwa ameshapanga na mnunuzi mmoja wa Brno, aina ya mtu asiyeuliza kitu kimetoka wapi. Wakutane kwenye maegesho ya duka la vigae, asubuhi ya safari. Mashine ziende, yeye apotee mpaka msimu wa uyoga.

Siku ikafika. Alfajiri Olda anafika kwenye kibasi chake nje ya baa, alipokiacha wazi jana wazee wapakie mizigo, anapiga mluzi, anafungua mlango wa dereva.

Watano wote wako ndani. Wamekaa. Wamevaa ndala za nyumbani. Kila mmoja na fimbo yake katikati ya magoti na mashine yake amepakata. Nyuma ni viazi mpaka darini.

"Umechelewa," akasema Bi Květa kutoka kiti cha mbele, na bakuli la nyama mapajani.

"Na ndege?" Olda akauliza, sauti imepanda kama ya kuku.

"Mzee Vlastimil anaogopa ndege."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Endesha, mwanangu."

Jamani, ungemwona! Alijaribu yote. Akasema injini inalia. Wakaimba kwa nguvu mpaka injini haisikiki. Akasema anaenda msalani. Mzee Vlastimil akamsindikiza, akamshikia koti, na funguo zikiwa ndani ya koti. Akasema ana homa. Bi Květa akamlisha kachumbari ya matango mpaka akapona kwa lazima.

Simu ikaita. Mnunuzi wa Brno.

"We Olda, nakusubiri hapa kwenye vigae tangu asubuhi! Uko wapi?"

"Nipo... melini," Olda akanong'ona.

"Meli gani wewe, Brno kuna meli?"

"Naelekea Uswidi."

"Na vitu?"

Olda akatazama nyuma. Mzee Vlastimil amelala, kaikumbatia mashine, udenda unamtoka. "Vitu vinakoroma," akasema, akakata.

Hofu ikaanza kumla. Kila kilomita ya kaskazini ilikuwa inamsogeza karibu na kambi ambayo haipo. Watu watano wenye visu vya kuchunia samaki watashuka garini, watauliza nyumba nyekundu ziko wapi, na yeye ataonyesha nini? Usiku ulikuja lakini giza halikuja, maana kule kiangazi jua halizimi, na mtu aliyezoea kutoroka gizani unamwonea huruma.

Mwishowe barabara ikaishia kwenye maji. Milima huku, bahari huku, mbuzi mmoja. Olda akazima injini, akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kweli kweli.

"Hakuna kambi! Hakuna shangazi! Nilitaka kuwaibia mashine! Niueni tu, lakini msitumie kile kisu chenye meno!"

Bi Květa akampa leso. "Futa makamasi, mwanangu. Rudi nyuma kidogo, kata kushoto. Kambi yetu tuliilipia tangu theluji."

"Mlijua?"

"Mgahawani! Meza ya dirishani!" Mzee Vlastimil akapasuka kucheka mpaka ndala ikamtoka.

"Sasa kwa nini mmenileta?"

Bi Květa akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Norwe hairuhusu kuondoka na samaki unavyotaka. Kila kichwa kina kiasi chake, boksi moja la minofu basi. Bohouš alipovunjika mguu hawakupoteza gari tu. Walipoteza boksi zima.

"Kwa hiyo mimi ni nani humu?" Olda akauliza.

"Wewe ni boksi," akasema Mzee Vlastimil. "Boksi lenye leseni ya udereva."

Wiki nzima wenzake wanavua, yeye anatapika pembeni ya mashua, halafu anapewa kisu kuchuna. Alichuna mpaka akawa anaota mapezi.

Kurudi, mpakani, afisa wa forodha akawasimamisha. Maboksi sita, watu sita. Akagonga la mwisho. "Hili la nani?"

Macho ya watu watano, sita ukimhesabu yeye mwenyewe kwenye kioo, yakamwangalia Olda. Akisema si lake, chama kizima kimekwisha: faini, samaki kunyang'anywa, Mzee Vlastimil kuzimia. Olda alishaanza kutabasamu kwa kisasi. Bi Květa akamnong'oneza, "Na gari la nani, mwanangu?"

Tabasamu likafa. Samaki wasio na mwenyewe ndani ya kibasi chake!

"Langu," akasema.

"Uliwakamata kwa chambo gani?"

"Kwa maneno, afisa."

Afisa akawatazama wote sita na ndala zao, akapumua. "Wacheki," akasema, akafungua kizuizi.

Walipofika Jihlava, Olda akamshusha kila mtu kwake. Bi Květa alipolinyooshea mkono boksi la sita, Olda akalikumbatia. "Hili langu! Nimelikiri mbele ya serikali!"

"Chukua," akasema mama wa watu, bila ubishi. "Umelifanyia kazi."

Olda akapanda ngazi anaruka. Ushindi! Minofu safi ya Norwe! Akafungua friji yake. Sehemu ya barafu inaenea kopo moja la aiskrimu. Nje, Julai, lami inanata.

Akakimbia mtaani na boksi linachuruzika, anagonga mlango baada ya mlango. "Samaki wa Norwe! Halisi! Bei ya kutupa!" Kwa mara ya kwanza maishani anauza kitu cha kweli.

"Olda wa sufuria?" watu wakauliza kupitia tundu la mlango. "Samaki gani wewe, si utakuwa umegandisha vipande kwa gundi?"

"Mama, naapa, nimewachuna mwenyewe!"

"Uliapa hivyo hivyo kuhusu kasri."

Mlango paa. Mwingine paa. Jioni boksi lilipoanza kuvutia paka wa mtaa, akaenda kwa Bi Květa, akaliweka mlangoni bila kudai hata senti. Friza ya mama ilikuwa wazi tayari, nafasi ya boksi moja imeachwa katikati. Kamkatia Olda vipande viwili akakaange kwake.

Haya, niambie wewe. Umekaa kwako, joto linaua, mlango unagongwa. Ni Olda, analia, mikono inanuka bahari, anaapa ni samaki wa kweli kabisa. Ungenunua?