Mjukuu wa Mtoro

Jumatatu, 6 Julai 1992

Biashara huria imetufikia! Ijumaa wanakuja watu wa utalii kutoka Dar. Wanataka visa vya Mtoro, jambazi wetu wa enzi za Mwingereza, na watalala kwa mjukuu wake. Nyumba hiyo ndiyo wataifanya ya kupokelea wageni. Mtoro hakuacha mtoto, kwa hiyo hakuna wa kunibishia. Basi mjukuu ni mimi, Sadala!

Na jambazi gani! Mkusanya kodi alipokuwa anaoga mtoni, Mtoro alimchukulia nguo zote na kofia, akazivaa, akaenda gulioni Mohoro. Askari waliokuwa wakimsaka wakampigia saluti. Kila nikikumbuka nasisimka. Mwanamume yule!

Jumatano, 8 Julai

Jirani yangu Muhidini, mwenye duka, naye kajitangaza mjukuu. Bila haya! Nikapanda basi hadi Kibiti, nikanunua kofia kuukuu kwenye mitumba. Jioni nikaitoa barazani, nikasema ndiyo ile ya mkusanya kodi, nimerithi. Nikalia kidogo. Wazee wakaishika kwa mikono miwili. Muhidini akakohoa, akaniuliza mbele ya watu kama kweli marehemu ni wangu. Nikaapa ni wangu. Akanipa mkono wa hongera. Nimemweza!

Ijumaa, 10 Julai

Nimekwisha. Alfajiri watani zetu Wamatumbi wamevamia uani, mbele yao Bi Muzdalifa, kajipaka unga usoni. Wanasema Mtoro alifia msituni, hakuwekewa matanga, na watani hawajapata haki yao ya msibani, kula na kuchukua watakacho, tangu enzi hizo. Sasa mwenye msiba kapatikana! Nani kawaambia? Muhidini alikuwa nyuma yao, kabeba kuni.

Na mtani hakasirikiwi. Bi Muzdalifa akavaa kofia yangu, akamfungua beberu wangu Ruksa, mfugo wangu pekee ukiondoa jogoo, akamwongoza hadi jikoni huku namtazama. Nikajikuta nampigia saluti. Mtoro angempenda mama yule!

Wageni wa Dar walipofika wakamla Ruksa wangu, wakamsifu sana. Kwangu palijaa watani, hata mlangoni wamelala. Basi wageni wakaenda kulala kwa Muhidini, na nyumba itakuwa hiyo yake. Roho inaniuma.

Jumatatu, 13 Julai

Nimeapa: ujukuu wa Mtoro, basi! Ila leo Salima, muuza vitumbua, kanisimulia jambazi mmoja wa Bungu. Aliiba ng'ombe wa serikali mchana kweupe, mlinzi mwenyewe akimsaidia kuwaswaga. Akili gani hiyo! Akapotelea porini, hakuna aliyemzika, na hadi leo hana mjukuu. Mtu mkubwa namna ile!

Fimbo ya kuswagia nimeshaipata. Kesho naenda Bungu. Jogoo nimemwachia Bi Muzdalifa anitunzie.