Utafiti Ulioidhinishwa wa Mbuzi wa Kasikeu

Kwa miaka miwili Wahome alikuwa dereva wa Daktari Hilda, mama wa Kizungu aliyezunguka Kitui yote na pande za Makueni akiwauliza watu walikula nini mwaka wa njaa. Kazi yenyewe ilikuwa laini. Wahome aliegesha Land Rover kivulini, akakaa, akatazama. Na alichokiona kilimnyima raha. Kila boma walipoingia, mama huyo alisema tu kwamba yeye ni mtafiti na kwamba utafiti wake umeidhinishwa na serikali, na papo hapo viti vikatolewa, mbwa akafungwa, kuku akaanza kukimbizwa. Watu waliokuwa wakimficha karani wa kodi hata majina yao walimweleza mgeni huyu siri za ghala zao, na alipoondoka walimfungia asali ya kubeba.

Mradi ulikwisha mwaka wa themanini na sita. Daktari Hilda akarudi kwao na majibu yote ya njaa, na Wahome, kijana wa Karatina, akabaki bila kazi. Lakini hakubaki mikono mitupu. Alikuwa na shati la kaki la mifuko minne, mizani ya kuning'iniza, na faili gumu lenye mhuri uliofifia kiasi kwamba ungeweza kuwa wa ofisi yoyote duniani. Zaidi ya hayo alikuwa na maneno. Alijua kusema sampuli, na takwimu, na kundi la kulinganisha, na alijua kuyasema polepole huku akitazama mbali, kama mtu anayesikitika kwamba si wote tuliojaliwa kusoma.

Akachagua Kasikeu, kwa sababu Daktari Hilda hakuwahi kufika huko, na kwa sababu mbuzi wa huko walisifiwa mpaka Nairobi.

Chifu wa hapo, Kiilu, alikuwa mtu wa kupenda wageni wenye faili. Alimwitishia baraza wiki hiyo hiyo. Wahome akasimama, akakohoa kidogo kama msomi, akaeleza kwamba yeye ni Daktari Wahome na kwamba serikali imeidhinisha utafiti wa mbuzi. Kila boma litatoa mbuzi mmoja, ambaye kuanzia hapo ataitwa sampuli. Sampuli zote zitapelekwa kituoni, zitachanganywa na damu ya mbuzi wa Uswisi, na kila boma litarudishiwa mbuzi wa gredi, mwenye kukamuliwa ndoo asubuhi na ndoo jioni. Kisha akashusha sauti, akaongeza kwa huzuni kwamba nafasi ni chache. Hilo la nafasi ndilo alilolitegemea. Mtu hukikataa kitu cha bure akidhani kina kasoro, lakini mwambie kinakwisha, atakanyaga hata mamake kukifikia.

Kituo chenyewe, kwa kweli, kilikuwa buchari ya Kang'ethe kule Dagoretti. Kang'ethe alikuwa mchinjaji mwenye shingo kama ya fahali na maneno machache. Alikuwa amempa Wahome pesa za kuanzia, na alisubiri tu kuambiwa lini alete lori.

Mwenyeji wa mradi alijitokeza bila kuitwa. Huyu alikuwa Mzee Muthama, mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga unga, na mzee wa kanisa. Alikuwa mnene, mpole, na alikuwa na kicheko kisicho na sauti: tumbo tu ndilo lilitikisika. Alimpa Wahome chumba nyuma ya duka, akamlisha muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, uliokaangwa kwa samli, akajitolea boma lake kubwa liwe mahali pa kukusanyia sampuli. Wahome alijilaza kitandani usiku wa kwanza akiwaza kwamba Mungu anapotaka kumbariki mwizi humpa kwanza mzee wa kanisa.

Siku ya pili, wakinywa chai, Muthama aliuliza swali moja.

"Daktari, hiyo sampuli, ni lazima ikuwe mbuzi iko na afya?"

Wahome alisita. Hakutaka aonekane mtu wa kutamani vinono. Akatazama mbali.

"Sayansi haibagui, Mzee. Sayansi humpokea mbuzi kama alivyo."

Sentensi hiyo ilimpendeza mwenyewe mpaka akaomba nafasi kanisani Jumapili akairudia mbele ya watu wote. Waumini waliitikia amina. Tumbo la Muthama lilitikisika, lakini Wahome alidhani ni Roho.

Mbuzi wakaanza kuletwa. Wa kwanza alikohoa kama mzee wa kiko. Wa pili hakuwa na jino hata la dawa. Akaja mmoja kipofu aliyeugonga mwimo wa lango, akarudi nyuma, akaugonga tena. Wakaja wenye upele waliobaki na manyoya ya shingoni pekee, kama waliovaa skafu. Wakaja vilema, wenye kuharisha, na beberu mmoja mzee sana ambaye watu walisema alikuwepo wakati wa uhuru. Muthama alileta wake: mmoja wa boma lake, mmoja wa boma la mamake, wawili wa ndugu zake wanaokaa Mombasa, na mmoja wa marehemu mjomba wake, ambaye, alieleza kwa heshima, ameacha boma lake likiwa bado wazi. Wote watano walikuwa wamelala.

Wa mwisho kufika alikuwa Mbula, mjane wa pale karibu na mto, akisukuma wilbaro. Ndani mlikuwa na mbuzi jike aliyevimba tumbo na kukonda kila mahali pengine.

"Wengine wamechagua," alimwambia Wahome. "Mimi sina ya kuchagua. Ni huyu tu. Alikuwa ananipatia maziwa ya chai."

Wahome akampokea yule mbuzi kama anavyopokelewa mgonjwa, kwa mikono miwili, kwa sababu hakujua jinsi nyingine ya kumtoa kwenye wilbaro.

Lori la Kang'ethe lilifika. Mchinjaji akashuka, akazunguka boma polepole, akarudi alipokuwa Wahome. Akasema kwamba yeye alikuja na lori, lakini kilichohitajika hapa ni ambulensi. Mkaguzi wa nyama akiona hata kwato za hawa atawafunga wote wawili. Wahome akajaribu kueleza habari ya sampuli. Kang'ethe akamkata: ama arudishiwe pesa zake sasa, ama mbuzi hawa wapone na wanone kabla ya Krismasi, wakati bei inapanda, na yeye atarudi. Hakusema atafanya nini kama hakutakuwa na pesa wala mbuzi. Alimshika Wahome begani tu, mahali ambapo wachinjaji huanzia.

Pesa zilikuwa zimekwisha Emali, katika hoteli moja yenye muziki mzuri. Kwa hiyo Daktari Wahome, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akalazimika kufanya kazi aliyosema anaifanya.

Akaulizia dawa ya minyoo, dawa ya upele, sindano za kikohozi. Vyote vilikuwa Sultan Hamud na vyote vilikuwa ghali. Muthama, kwa moyo wa Kikristo, akasema Daktari asisumbuke na safari. Yeye ataziagiza dukani kwake na kumuuzia kwa bei ya kusaidiana. Bei ya kusaidiana ilikuwa juu kidogo ya ile ya Sultan Hamud. Redio ya Wahome ikaenda kwa minyoo. Saa yake ikaenda kwa upele. Viatu vyake vizuri, vile vya hoteli ya Emali, vikaenda kwa kikohozi, na Jumapili iliyofuata aliviona madhabahuni, miguuni mwa Muthama, vikisoma matangazo.

Na hakuweza kulala asubuhi, kwa maana wananchi wa Kasikeu waliupenda utafiti huo kuliko alivyotarajia. Kila alfajiri wazee walikuja kukaa kwenye ukuta wa boma wakisubiri mbuzi wapimwe. Waliwekeana dau la soda. Kipofu akiongezeka uzito, upande mmoja ulishangilia. Beberu wa uhuru akipungua, Wahome aliitwa ajieleze. Aliinama, akapima, akachoma sindano, akasafisha macho, akakata kwato. Alinuka mbuzi hadi kwenye kope. Mara mbili aliwaza kutoroka, na mara mbili alikumbuka ule mkono begani.

Mbula alikuja kila jioni na kiondo cha maganda ya migunga. Hakumpa mbuzi wake peke yake. Aliwagawia wote, kisha akakaa karibu na mgonjwa wake, akimkuna kati ya pembe. Wiki kadhaa zikapita. Siku moja tumbo la mbuzi yule likanywea, akasimama mwenyewe, akala kamba ya mizani. Wahome akajikuta anacheka kwa furaha, peke yake, katikati ya kinyesi. Akashtuka. Alijisikia kama mtu mwenye afya aliyesikia kikohozi chake cha kwanza. Usiku ule alijikumbusha kwa ukali kwamba hawa ni nyama, na hesabu yake ilikuwa nzuri, na Krismasi ilikuwa karibu.

Kufikia mwanzo wa Desemba mbuzi walikuwa wakirukiana. Manyoya yaling'aa, matako yalijaa. Kipofu alibaki kipofu, lakini kipofu mnono. Kang'ethe akatuma habari kwamba angefika Jumamosi alasiri. Wahome akamwambia Muthama, akitazama mbali, kwamba Jumamosi sampuli zitasafiri kwenda kituoni. Muthama akasema Bwana asifiwe, basi hawawezi kusafiri bila kuombewa.

Jumamosi mchana Wahome alitoka chumbani akakuta lokesheni nzima ya chifu uani. Kwaya ilikuwepo na sare yake. Chifu Kiilu alikuwepo na kofia yake. Na kando ya chifu walisimama askari wawili, ambao Muthama alieleza kwamba amewaomba waje kulinda mali ya utafiti wa serikali.

Muthama akafungua kwa sala ndefu. Kisha akatangaza kwamba utafiti umefika mwisho kwa ushindi, na akamwomba Daktari awasomee matokeo. Wahome akasimama. Kwa mara ya kwanza maneno yalimkimbia: sampuli, takwimu, yote yaliingia mitini. Akasema kwamba utafiti umegundua kuwa mbuzi mgonjwa, akipewa dawa na chakula, hupona. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu.

"Sasa," Muthama akasema, "kama Daktari alivyotuahidi, kila boma lichukue mbuzi yake ya gredi."

Wahome akamwendea, akamnong'oneza kwamba mradi bado, kuna hatua ya pili, kuna Uswisi. Chifu akauliza kama kuna shida. Askari wale, ambao hawakuwa na kazi nyingine siku hiyo, wakamgeukia Wahome kwa hamu. Wahome akasema hakuna shida.

Mbuzi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja na mwenyewe, kwaya ikiimba. Muthama akachukua wa boma lake, wa mamake, wa ndugu zake wa Mombasa, na wa marehemu. Mbula akaja mwisho. Hakumchukua wake kwanza. Alimpa Wahome kikombe cha chai nzito, nyeupe, akasubiri mpaka akanywa yote, akasema asante, Daktari, na hakukuwa na mzaha wowote usoni mwake. Kisha akaondoka na mbuzi wake bila kamba; alimfuata tu.

Ua ukabaki mtupu. Muthama akaja kukaa karibu na mgeni wake kwenye ukuta, akanyoosha miguu yenye viatu vizuri.

"Ulijua lini?" Wahome akauliza.

"Siku ya baraza."

"Ni faili?"

"Faili sikuangalia." Muthama akatafuta maneno, kwa upole. "Unajua, Daktari, hapa wamekuja watafiti wengi. Wa udongo, wa mbegu, wa mila, wa minyoo. Wote wameidhinishwa. Wanauliza, wanaandika, wanakula kuku, wanaenda. Hakuna hata mmoja alituahidi kitu. Wewe ukasimama ukatuahidi mbuzi. Nikaambia watu, huyu si mtafiti. Huyu ni mtu anaweza kutusaidia."

Tumbo lake likatikisika. Wahome alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

Vumbi likaonekana kwenye barabara ya Sultan Hamud, na lori likaingia langoni kwa nyuma, tayari kupakia. Kang'ethe akashuka. Akatazama boma. Akatazama ule ukuta na wanaume wawili waliokaa juu yake, mmoja akiwa na viatu.

"Mbuzi wako wapi?"

Wahome akatazama mbali, mazoea hayaachiki.

"Wamehitimu," akasema.

Kang'ethe akazunguka lori, akafungua mlango wa nyuma, ule wa mifugo, akamshikilia Daktari mlango apande.