Ndege ya Bawaba za Lango

Kila asubuhi, kabla hata usingizi haujamtoka vizuri, Obonyo alisimama mbele ya kibanda cha Aoko pale Laini Saba, Kibera, akachota omena, wale dagaa wadogo, kwa kiganja, akafumba macho kama askofu anayebariki, kisha akatangaza uzito.

"Robo kilo na omena wawili!"

Aoko akamimina kwenye mizani. Robo kilo. Wale wawili hakuwatafuta. Angewapata, majirani wasingelala kwa majigambo.

"Hii mizani ni ya watu wasio na mikono, nyar Alego!" alilalamika Obonyo, akimwita kwa Kijaluo binti wa Alego.

Obonyo alikuwa fundi wa malango. Lango lake moja liliwahi kugongwa na lori, na lori ndilo lililovutwa hadi gereji. Ndivyo alivyosimulia, na kila mwezi lori hilo liliongezeka tani.

Sasa Aoko alikuwa akipeleka samaki jikoni kwenye chuo kimoja cha ufundi huko Satellite, na huko akasikia mwalimu Nderitu anatafuta msaidizi wa karakana. Mshahara kila mwisho wa mwezi! Likizo! Aoko, mtu wa kuongea kana kwamba maneno yanauzwa, siku hiyo alimsifu jirani yake mpaka samaki wakaanza kunuka.

Nderitu akatoa mtihani. Ndugu yake aliyeko Amerika alikuwa amemtumia ndege ya mfano, ya kurushwa kwa redio, mabawa yake marefu kama mlango. Ilikuja karibu tayari. Kilichobaki ni kuunganisha.

"Ila hivi vyuma vidogo vya kwenye boksi mara nyingi ni hafifu," alisema Nderitu. "Skrubu, bawaba, magurudumu. Chochote usichokiamini, badilisha. Jumamosi tunairusha uwanjani Kawangware. Ikiruka, Jumatatu uje kazini."

Chochote usichokiamini! Kumwambia Obonyo hivyo ni kumfungulia mbuzi shamba la sukuma wiki.

Jumatatu alimletea Aoko gurudumu la sponji. "Ona hii! Si hii ni andazi?" Akafunga magurudumu ya kigari cha mtoto.

Jumanne akatupa bawaba za plastiki zilizoshika mkia. "Hata kibanda cha kuku kingekataa hizi!" Akafunga bawaba za lango, zile nene.

Jumatano waya wa kuvuta mkia ukapisha spoku za baiskeli, na hapo, tuseme ukweli, alifanya kazi safi. Laiti angeishia hapo! Lakini mabawa akayakaza kwa bolti zilizotoka kwenye springi za matatu.

"Hii hata ikianguka, tutaiokota nzima!"

"Ianguke kutoka wapi, bana?" aliuliza Mutiso, mshona viatu wa jirani, bila kuinua macho kwenye soli.

Alhamisi Obonyo aliishusha ndege kutoka mezani kwa viganja vyake kwa mara ya kwanza ikiwa imekamilika. Muda mfupi baadaye alipita kibandani mikono mfukoni. Hakuchota omena. Alisema ana haraka. Aoko akadhani ni malaria.

Jumamosi watu wa Congo, mtaa wa pale Kawangware, walijaa uwanjani. Obonyo alikuwa amevaa tai. Ndege ililetwa kwa mkokoteni.

Nderitu aliishika kwa mkono mmoja, akaongeza wa pili, akaongeza na goti.

"Fundi, umeweka nini humu?"

"Uaminifu, mwalimu."

Injini ikanguruma. Ndege ikaondoka mbio, ikavuka katikati ya uwanja, watu wakasimama wakipiga kelele, "Sasa! Sasa!" Ikaingia eneo la penalti, haijapanda hata unene wa kandambili. Ikaingia golini, ikang'oa mlingoti, ikatokea upande wa pili imejifunika wavu kama bibi harusi.

"Goooli!" Congo nzima ikaruka. Kilichobaki chini ni ndege peke yake.

Obonyo alikuwa wa kwanza kuifikia. Akapapasa huku na huku, akasimama akiwa ameinua mikono. "Hakuna hata skrubu moja iliyolegea!"

"Naona," alisema Nderitu. "Trekta nzuri sana. Jumatatu usije kazini, fundi. Tengeneza kwanza goli la watu."

Walirudi kwa miguu. Tangu Kawangware hadi Kibera, Obonyo alilaumu upepo, akalaumu nyasi, akailaumu Amerika jimbo kwa jimbo. Jumanne ingembidi Aoko aingie chuoni na kapu lake la samaki, apite mbele ya mwalimu aliyeamini neno lake.

Walipoiona reli, alisimama.

"Omera, ndugu yangu, ulijua lini kwamba haitaruka?"

Obonyo alivitazama viganja vyake, kimoja, kisha cha pili.

"Alhamisi."